Figo, Mweka Hesabu wa Maji Mwilini

Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi na kumpasua kwa uangalifu amekwisha kusoma ukurasa wa kwanza wa elimu ya mwili, ijapokuwa hakukaa darasani wala hakushika kalamu. Ameuona moyo, nao bado una joto. Ameyaona mapafu mepesi kama povu. Ameliona ini na nyongo yake, na utumbo uliokunjamana. Tena nyuma kabisa, ndani ya mafuta yaliyoshikamana na uti wa mgongo, ameyaona mafigo mawili. Viungo hivyo vyote vimo katika mwili wa mwanadamu pia, na mpangilio wake wakaribiana sana na huo. Lakini wengi wetu twajua jina la kila nyama iliyomo chunguni, na hatujui ilikuwa na kazi gani mnyama alipokuwa hai.

Katika makala haya twataka kueleza kazi ya kiungo kimoja tu, nacho ni figo. Tumelichagua kwa ajili ya mahali. Huko Kanamkemer, katika mji wa Lodwar, na vivyo hivyo njia yote hata Kakuma, joto la mchana mara nyingi hufika digrii 35 na kupita, na mvua ya mwaka mzima mjini Lodwar ni kiasi cha milimita 200 tu. Watu hufukua mchanga wa mito iliyokauka ili wapate maji ya kunywa. Katika nchi ya namna hiyo mwili hauna budi kuweka hesabu ya maji kila saa, na anayeiweka hesabu hiyo ni figo. Kijana anayejiunga na tawi la Lodwar la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya hufundishwa mambo haya mwanzoni mwa masomo yake. Lakini yafaa yajulikane na kila mama na kila baba, kwa sababu wao ndio waganga wa kwanza wa nyumba zao.

MAJI TULIYOYABEBA

Mwili wa mtu mzima ni maji kwa sehemu kubwa. Katika kila kilo 10 za uzito wake, kilo 6 hivi ni maji. Basi mtu mwenye kilo 60 amebeba maji yapata lita 36, yaani karibu ya kujaza mitungi miwili ya lita 20. Mtu mnene huwa na kiasi pungufu, kwa kuwa mafuta hayashiki maji mengi. Mtoto mchanga humzidi mtu mzima, maana katika kila kilo 10 za mwili wa namna yake kilo 7 na zaidi ni maji. Ndiyo sababu mtoto akipungukiwa na maji huzidiwa upesi.

Maji hayo hayakai mahali pamoja kama maji ya kisima. Theluthi mbili zake zimo ndani ya chembe hai, yaani vile vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo kwavyo mwili wote umejengwa. Theluthi iliyobaki huzizunguka chembe hizo na kutembea ndani ya damu. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita 5, na zaidi ya nusu yake ni maji. Damu hiyo ndiyo inayobeba chakula na hewa safi na kuvipeleka kila mahali, kisha hurudi na taka. Damu ikikaukiwa, mwendo wake huwa mzito, moyo hulazimika kupiga mbio, na viungo vyote huanza kudai haki yao.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini maji ya mwilini hayana ghala. Mtu akinywa kupita haja yake asubuhi, figo litayatoa yaliyozidi katika muda wa saa chache, na jioni kiu itamrudia kama kawaida. Ngamia mwenyewe haweki maji katika nundu yake, kama wengi wanavyodhani. Nundu ile ni mafuta. Kwa hiyo maji hayana budi kuingia kila siku, kwa kuwa kila siku hutoka.

NJIA NNE ZA KUTOKEA

Maji hutoka mwilini kwa njia nne: kwa mkojo, kwa jasho, kwa pumzi, na kwa choo kikubwa. Katika nchi ya baridi, njia ya mkojo ndiyo kubwa. Katika nchi ya jua kali, jasho laweza kuizidi.

Jasho si uchafu unaotoka mwilini, bali ni dawa ya joto. Mwili wa mwanadamu hutaka kukaa karibu na digrii 37, kukiwa na jua au mvua. Mtu akichota maji, akibeba kuni au akifyatua matofali, misuli yake huzalisha joto kama jiko lizalishavyo, na jua nalo huongeza lake. Hapo tezi za jasho, ambazo hupita milioni 2 katika ngozi ya mtu mmoja, humwaga maji juu ya ngozi. Maji hayo yanapokauka kwa upepo huchukua joto na kwenda nalo. Jambo hilo ni lile lile linaloyapoza maji katika mtungi wa udongo uliowekwa kivulini. Lakini gharama yake si ndogo: mtu afanyaye kazi nzito juani aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, au zaidi, na pamoja na maji hayo hutoka chumvi. Mtu wa kilo 60 aliyepoteza kiasi cha lita moja na robo bila kuirudisha huanza kuchoka kabla ya wakati, kichwa humuuma, na fikira zake hupungua wepesi.

Jasho na pumzi hazizuiliki kwa amri, maana bila jasho joto lingemwua mtu, na bila pumzi angekufa mara moja. Njia ambayo mwili waweza kuibana na kuifungua kadiri upendavyo ni moja tu, njia ya mkojo. Nayo hulindwa na figo.

KICHUJIO CHENYEWE

Mafigo ya mwanadamu ni mawili. Yamekaa mgongoni, kila moja upande wake wa uti wa mgongo, na sehemu yake ya juu imefichwa na mbavu za chini. La kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, kwa sababu juu yake pana ini. Kila moja lina urefu wa kiasi cha sentimita 11, ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, na uzito wake ni kama gramu 150. Tukiyapima yote mawili pamoja hayafiki hata nusu kilo.

Hata hivyo, tazama kazi yake. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu lita 5 hivi kwa dakika moja, na katika hizo, lita 1 na zaidi kidogo hupelekwa moja kwa moja kwenye mafigo. Ndani ya kila figo mna vichujio kiasi cha milioni moja. Kila kichujio ni fundo la mishipa ya damu, myembamba kupita unywele, nalo limefumbatwa ndani ya kikombe kidogo sana. Damu ipitapo katika fundo lile kwa nguvu, maji hupenya na kuingia kikombeni pamoja na chumvi, sukari na taka. Chembe za damu zenyewe hubaki, kama vile majani ya chai yabakiavyo katika chujio.

Kwa siku moja maji yachujwayo namna hiyo ni kama lita 180. Lau yangetoka yote, mtu asingeishi hata saa chache. Lakini kila kikombe kina mrija mrefu uliopindapinda, na katika safari ya mrija huo figo huyapitia tena yote yaliyochujwa, kama karani apitiaye vitabu vyake. Sukari hurudishwa damuni. Chumvi hurudishwa kwa kiasi kinachotakiwa. Maji nayo hurudishwa kiasi cha lita 99 katika kila 100. Yanayobaki, pamoja na taka, ndiyo mkojo: lita moja au mbili kwa siku, unaoteremka kwa mirija miwili hadi kibofuni, na kungojea kutolewa.

Taka kubwa kati ya hizo huitwa yurea. Mtu alapo nyama, maziwa, samaki au maharagwe, mwili hutumia vijengamwili vilivyomo, na mabaki yake hupelekwa kwenye ini. Ini hugeuza mabaki hayo kuwa yurea, na figo huitoa nje. Alaye nyama nyingi huwa na yurea nyingi ya kutoa, na yurea haitoki ikiwa kavu. Yahitaji maji ya kuibeba. Kwa sababu hiyo, hata mtu asipokunywa kitu, figo halina budi kutoa mkojo wa kiasi cha nusu lita kwa siku. Chini ya hapo taka huanza kulimbikizana ndani ya damu.

TARISHI WA UBONGO

Je, figo hujuaje kama leo ni siku ya kubana au ya kuachilia? Hupata habari kutoka ubongoni. Chini ya ubongo mna mahali padogo panapoionja damu wakati wote. Maji yakipungua, damu huzidi chumvi, na mahali pale hutambua mara moja. Hapo mambo mawili hufanyika. La kwanza, mtu huona kiu. La pili, tezi ndogo yenye ukubwa wa punje ya kunde humwaga ndani ya damu kitu kiitwacho homoni, nayo homoni ni kama tarishi: husafiri na damu hata figoni na kutoa amri kwamba maji yarudishwe kwa wingi zaidi. Mirija hutii, mkojo huwa mchache, rangi yake hukoza, na harufu huongezeka. Mtu akinywa maji ya kutosha, tarishi huacha kutumwa, na mkojo huwa mwepesi tena.

Kwa njia hiyo mwanadamu aweza kuukaza mkojo wake mpaka ukawa mzito mara 4 hivi kuliko maji ya damu. Ngamia humshinda mbali, na panya wa jangwani huwashinda wote wawili. Basi mwanadamu amepewa uwezo wa kuhimili kiu, lakini uwezo huo una mpaka.

UCHUNGUZI KATIKA NCHI YA TURKANA

Mnamo Septemba 2025 jarida la Science la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Kenya na wa Marekani pamoja, wakiwamo wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI. Kwa miaka kadhaa walikuwa wamezungumza na wazee na watu wa Turkana juu ya maisha yao na afya zao. Wakaona kwamba kwa wengi wanaofuata desturi za ufugaji, kiasi cha sehemu 70 mpaka 80 katika kila 100 za chakula hutoka kwa wanyama: maziwa, damu na nyama. Wakaona pia kwamba katika watu waliopimwa, 90 hivi katika kila 100 walikuwa na upungufu wa maji mwilini, na hata hivyo kwa jumla walikuwa wazima. Chakula chenye yurea nyingi pamoja na maji machache ni mzigo mzito kwa figo. Je, mzigo huo ulibebwaje?

Wataalamu walisoma maagizo ya urithi, ambayo huitwa vinasaba, ya watu 367. Vinasaba ni maandishi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, ambayo mtoto huyapokea kwa baba na mama. Zilionekana sehemu 8 zilizobadilika kwa kulingana na mazingira kizazi baada ya kizazi, na iliyokuwa dhahiri kuliko zote ilihusu kinasaba kiitwacho STC1, ambacho hufanya kazi yake figoni. Yule tarishi wa ubongo tuliyemtaja anapoleta habari ya ukame, kinasaba hiki huchangamka, na figo huongeza kuukaza mkojo. Huenda pia hulikinga figo na taka za nyama nyekundu, ambazo kwa watu wengine huleta jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo.

Wataalamu wanakadiria kwamba badiliko hilo lilianza kuenea yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati nchi za kaskazini ya Afrika zilipokuwa zikikauka. Hakuna mtu aliyeketi akaamua liwe. Palipokuwa na ukame, wale ambao mafigo yao yalitunza maji vizuri zaidi walipona na kuzaa, na watoto wao wakarithi. Wengine hawakuacha wazao. Kwa hiyo ndani ya figo la mchungaji wa leo imo kumbukumbu ya ukame mwingi uliopita.

MAANA MBILI ZA KUEPUKWA

Habari hii yaweza kupotoshwa kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kusema: Kumbe Mturkana hahitaji maji kama watu wengine; basi kisima chake chaweza kungoja. Neno hilo si la kweli. Figo litunzalo maji halitengenezi maji. Mwenye mkoba mdogo akijua kuhesabu vizuri, haina maana kwamba hahitaji fedha. Nusu lita ya kubebea taka ni ya lazima kwa kila mwanadamu, jasho ni la lazima, na pumzi ni ya lazima. Hata figo hodari kupita yote halina la kufanya mtungi ukiwa mtupu.

Ya pili ni kusema: Mwili wangu umezoea, basi nitakula na kunywa nipendavyo. Mwaka wa 2020 wataalamu wa mradi huo huo walichapisha uchunguzi mwingine katika jarida la Science Advances. Waliwalinganisha Waturkana wanaofuata mifugo, wale wa vijijini walioacha kuhamahama, na wale waliohamia mijini. Wachungaji na watu wa vijijini hawakuachana sana kwa afya ya moyo na damu. Lakini watu wa mijini walikuwa na dalili mbaya zaidi, kama vile unene, shinikizo la damu na sukari kuzidi. Na waliokulia mahali penye mji walizidi kuwa katika hatari walipokuwa watu wazima. Urithi uliowafaa babu zao katika maziwa na mwendo mrefu waweza kuwageukia katika unga mweupe, mafuta ya kukaangia, soda, na kukaa kitako mchana kutwa.

Jambo hili ni la haraka, kwa maana mitaa kama Kanamkemer imejaa familia ambazo babu alichunga ngamia na mjukuu ananunua chakula dukani. Shinikizo la damu na kisukari ndivyo viharibuvyo mafigo kuliko vyote. Huvunja vile vichujio kimoja baada ya kingine, bila maumivu, na kichujio kilichokufa hakioti tena. Mtu huweza kupoteza zaidi ya nusu ya vichujio vyake bila kujua. Adui mwingine ni vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa ovyo na kumezwa siku nyingi mfululizo, hasa na mtu aliyekaukiwa na maji. Vidonge hivyo hupunguza damu iendayo figoni wakati ule ule figo linapoihitaji mno.

MTOTO AHARAYE

Hatari ya upesi zaidi ni kuhara. Utumbo wa mtu mzima hupokea kila siku maji mengi ya chakula na ya mate na maji ya tumbo lenyewe, na karibu yote huyarudisha damuni. Ugonjwa ukiuvuruga utumbo, maji hayo hutoka nje badala ya kurudi, na figo haliwezi kuuziba mlango huo. Kipindupindu huweza kumkausha mtu mzima katika muda wa saa chache. Mwaka wa 2005 kilizuka katika kambi ya Kakuma, na waliochunguza walikuta kwamba watu waliotunza maji ya kunywa nyumbani katika vyombo vilivyofunikwa walisalimika zaidi kuliko wengine. Kifuniko cha mtungi ni kitu kidogo, lakini kilisaidia kuokoa watu.

Mtoto akihara, usimnyime maji kwa kudhani kwamba ndiyo yanayoendesha tumbo. Utumbo una mlango ambao chumvi na sukari hupita wakiongozana, na maji hufuata nyuma yao. Mlango huo hubaki wazi hata wakati wa kuhara. Kwa hiyo mpe mtoto maji ya chumvi na sukari yanayotolewa katika zahanati kwa pakiti. Pakiti zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara, na ziwa la mama lisikatizwe. Utosi ukibonyea, macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi upesi, au mtoto akiwa mlegevu asiweze kunywa, mkimbize hospitali bila kungoja kesho.

MASHAURI MACHACHE

Mtu mzima naye ana shahidi wake, nao ni mkojo. Ukiwa na rangi ya majani makavu, hesabu ni nzuri. Ukiwa kama chai ya rangi, figo linakopa. Ukiwa na damu, au usitoke nusu siku nzima, au uso na miguu vikivimba, mwone mganga. Afanyaye kazi juani anywe kabla kiu haijamshika sana, apumzike kivulini saa za mchana. Wazee wakumbushwe kunywa, maana kwao kiu hupungua nguvu kadiri miaka inavyozidi. Aliyekwisha kuambiwa ana ugonjwa wa figo au wa moyo afuate kipimo cha maji alichopewa na daktari wake.

Tena kila aliyefikia umri wa makamo apimwe shinikizo la damu na sukari, hata akijiona mzima, kwa kuwa figo halipigi kelele linapoumia. Kazi ambayo vizazi vingi viliisafisha kwa kiu na njaa si haki ipotezwe katika kizazi kimoja kwa kutojua.